Swali la Homa kule Usenge

Mtoto mdogo wa nyumbani kwenu ana homa. Kichwa kinamuuma, koo linamuuma, mwili ni wa moto, na leo ni siku ya tatu. Umewekewa dawa tano za miti shamba, kila moja kwa jina lake la Kidholuo. Zipi zinatibu homa hiyo? Na mtoto anapewaje: anakunywa maji yake, au anavuta puani mpaka apige chafya?

Hilo lilikuwa swali la mtihani. Walioulizwa maswali ya namna hiyo walikuwa watoto 85 wa umri wa miaka 12 hadi 15 kule Usenge, ufuoni mwa Ziwa Victoria, ukishapita Bondo. Waliouandaa mtihani ni wanasaikolojia Robert Sternberg na Elena Grigorenko, wakati huo wa Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, pamoja na wenzao. Miongoni mwao alikuwamo Profesa Frederick Okatcha wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, na wanaanthropolojia Wenzel Geissler na Ruth Prince, waliokuwa wameishi na watu wa sehemu hizo na kuona jinsi watoto wenyewe wanavyochuma yadh nyaluo, yaani dawa za Kiluo, na kujitibu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001.

Nilikutana na utafiti huo nikiwa mwaka wa tatu, nikisomea saikolojia. Miaka miwili nilikuwa nimekaa na Freud wa Vienna, Piaget wa Geneva, mbwa wa Pavlov na njiwa wa Skinner. Niliwapenda wote, na mpaka leo nawaheshimu. Lakini sikuwa nimesoma hata sura moja iliyotaja mahali ninapoweza kufika kwa matatu nikarudi kabla giza halijaingia. Siku nilipoona jina Usenge ndani ya kitabu cha kozi, nilikisoma kile kifungu nikiwa nimesimama katikati ya rafu za maktaba, nikakirudia mara ya pili, ndipo nikatafuta kiti.

Watoto wale hawakupewa mtihani wa dawa peke yake. Walipewa pia mafumbo ya michoro yaliyobuniwa na Mwingereza John Raven, ambapo mchoro umekatwa kipande na mtoto anatafuta kipande kinachojaza pengo. Walipewa kipimo cha msamiati wa Kiingereza, na kingine cha msamiati wa Kidholuo. Nadharia iliyotawala vyuoni kwa karne nzima inasema kuna akili moja ya jumla iliyo chini ya mambo yote: anayefanya vizuri hapa huelekea kufanya vizuri na pale. Kama ni hivyo, mtoto anayejua dawa za homa angetarajiwa kujua na msamiati.

Mambo yakawa kinyume. Waliojua dawa zaidi ndio walioelekea kupata alama za chini kwenye msamiati, na waliong'ara kwenye msamiati ndio waliobabaika mbele ya majani. Kwenye mafumbo ya michoro mwelekeo ulikuwa huo huo, ila hafifu mno kiasi kwamba ungeweza kuwa wa bahati tu.

Hapa mwanafunzi wa saikolojia anatakiwa aende pole. Idadi ni watoto 85, nao ni wa mahali pamoja. Utafiti haukusema kwamba kujua mitishamba kunapunguza akili, wala haukupima kama dawa hizo zinaponya. (Mtoto mwenye homa ya siku tatu katika nchi ya malaria apelekwe kituo cha afya akapimwe damu, hilo halina mjadala.) Maelezo yaliyotolewa na watafiti yanahusu muda na matumaini. Watoto wengi wa huko walikuwa wakiacha shule kabla ya kumaliza, kwa kukosa karo au kwa sababu nyingine, na familia nyingi hazikuona shule ikilipa. Mtoto mmoja anasukumwa kwenye vitabu, mwingine anafundishwa mambo yatakayomfaa nyumbani, kwenye shamba na ziwani. Saa za mchana ni zile zile kwa wote wawili. Kila mmoja anakuwa hodari wa kile alichopewa nafasi ya kujifunza, kisha anakuja mgeni na kipimo chake kimoja, anamwita wa kwanza mwerevu na wa pili mzito.

Kazi ya pili iliyofanywa kijijini humo, nayo ya mwaka 2001, ndiyo ninayoipenda zaidi. Badala ya kupima akili, watafiti waliuliza wenyeji wana maana gani wanapomwita mtoto mwenye akili. Majibu yaliangukia kwenye maneno manne. *Rieko* ni maarifa na ujuzi, ukiwemo wa shuleni. *Luoro* ni heshima: kuwajali wakubwa, kutii, kujua nafasi yako mbele za watu. *Winjo* ni kuelewa hali inavyokwenda na namna ya kuikabili; mzizi wake ni kusikia, na hata sisi kwa Kiswahili tunasema mtoto msikivu tukimaanisha zaidi ya masikio. *Paro* ni fikra inayomwinua mtu kutenda bila kusubiri kutumwa.

Watoto wakapimwa kwa macho ya watu wanaowajua, kisha alama hizo zikalinganishwa na mitihani ya akili na matokeo ya darasani katika Kiingereza na hesabu. Kati ya maneno manne, lililohusiana na alama za shule ni *rieko* peke yake. Heshima, usikivu na moyo wa kuanzisha jambo havikuonekana popote kwenye ripoti ya muhula. Mzazi wa Usenge anapokitazama kile kikaratasi, anaona robo ya mwanawe.

Nimelifikiria hili miaka mingi, kwa sababu Kiswahili nacho kinafanya mgawanyo wa aina yake. Tuna akili, tuna busara, tuna hekima, tuna adabu, na hakuna anayeyachanganya. Tunasema bila kusita, "Yule ana akili, lakini hana adabu." Ila nionavyo mimi, kwa Kiswahili adabu inakaa pembeni ya akili, kama jirani. Kule Usenge *luoro* imo ndani ya nyumba hiyo hiyo. Mtoto anayejua kila kitu na hamheshimu mtu, akili yake ina pengo, kama ule mchoro wa Raven uliokatwa kipande.

Eneo hili la ziwa lilikuwa limewapa wanasaikolojia somo jingine kabla ya hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1960, mwanaanthropolojia Carol Ember alikaa Oyugis, kusini mwa Nyanza, akichunguza wavulana. Kazi za nyumbani zilikuwa na jinsia: kuteka maji, kukusanya kuni, kusaga unga, kupika na kubeba mtoto mgongoni zilikuwa za wasichana. Lakini kuna nyumba ambazo hazikujaliwa msichana wa umri unaofaa, na kazi haingoji. Mama akamwita mvulana. Ember aliwatazama watoto wakiwa nje ya kazi, kwenye michezo na mazungumzo, na matokeo aliyochapisha mwaka 1973 yalionyesha kwamba wavulana waliozifanya sana kazi hizo, hasa zile za ndani ya nyumba, hawakuwa wagomvi na wababe kama wenzao. Uzuri wa utafiti huu ni kwamba nani apewe kazi hizo kuliamuliwa zaidi na mpangilio wa kuzaliwa kuliko tabia ya mvulana mwenyewe. Ni vigumu kusema walipewa mtoto wa kubeba kwa sababu walikuwa wapole tangu hapo.

Pwani ya Tanzania, karibu na Bagamoyo, kundi la Sternberg liliuliza swali linalofanana na la Usenge kwa njia nyingine. Watoto wa shule za msingi walifanya mitihani ya kufikiri, mmojawapo ukiwa mchezo wa kukisia kitu kwa kuuliza maswali yasiyozidi ishirini. Kisha wakafundishwa mbinu za kukabili maswali ya aina hiyo, somo lisilofika hata saa moja, wakafanya mitihani tena. Alama zilipanda. Jambo zito zaidi katika matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2002, ni kwamba alama ya kwanza haikuweza kubashiri vizuri alama ya pili. Aliyekuwa mkiani asubuhi hakuwa lazima mkiani jioni. Ukikumbuka watoto wangapi wa Afrika Mashariki wamepangiwa maisha kwa mtihani wa siku moja, somo hilo lisilofika saa moja linatia uchungu.

Mwaka 2008 mwanasaikolojia Jeffrey Arnett alipitia majarida sita makubwa ya Marekani na kukuta asilimia 96 ya watu waliochunguzwa wanatoka nchi zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Na wengi kati yao walikuwa wanafunzi wa vyuo wanaosoma saikolojia, kwa sababu ndio walio karibu na mlango wa mhadhiri. Elimu inayoitwa ya binadamu kwa sehemu kubwa imejengwa juu ya watu hao wachache. Ndiyo maana mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maseno, anayesoma karibu kabisa na mstari wa ikweta, au wa Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga pale Bondo, njiani kuelekea Usenge, amekaa juu ya hazina. Anachokosa mwenzake wa mbali kiko nje ya geti lake.

Na si suala la akili tu. Anayehitimu akaingia katika ushauri nasaha, kazi ambayo Kenya imeitungia sheria tangu 2014, atakutana na maneno siku ya kwanza. Mgonjwa haji akisema ana sonona. Kwa Kiswahili atasema ana mawazo. Kwa Kidholuo atataja *parruok*, wasiwasi, neno linalosikika kuwa ndugu wa *paro*: fikra ile ile inayosifiwa kwa mtoto, sasa inamzunguka mwenyewe usiku kucha. Ng'ambo ya ziwa, Uganda, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, watafiti walianza kwa kuuliza wenyeji huzuni inaitwaje kwao. Wakapata majina mawili, moja likielekea kujichukia na jingine kujihurumia, ndipo wakaandaa tiba ya mazungumzo ya vikundi. Walioiongoza walikuwa watu wa huko huko waliopewa mafunzo ya wiki mbili, na matokeo ya mwaka 2003 yalikuwa mazuri kuliko wengi walivyothubutu kutarajia. Tiba ya ukoo huo ililetwa baadaye Kisumu kwa wanawake wanaoishi na virusi vya UKIMWI waliopitia ukatili, ikitolewa na watu wasio mabingwa wa tiba ya akili. Utafiti uliochapishwa 2021 ulionyesha kwamba sonona na makovu ya kiwewe vilipungua.

Mwaka jana nilimpelekea nyanya yangu lile swali la homa. Mtoto wa dada yangu, anayesoma Kisumu mjini, alikuwapo. Kwanza nilimwonyesha yeye mchoro mmoja wa namna ya Raven kwenye simu; alilitoa jibu kabla sijamaliza kueleza. Nikamsomea la homa, akanitazama kama niliyeuliza kwa lugha ya kigeni.

"Basi tumuulize Dani," nikasema, nikamtafsiria nyanya kwa Kidholuo, polepole, na dawa zote tano.

Aliacha kuchambua omena. Akasikiliza mpaka mwisho, mikono ikiwa imetulia juu ya ungo.

"Nyakwara, mjukuu wangu," akaniambia, "aliyeandika hili hakumaliza. Huyo mtoto bado ananyonya? Anatapika? Na mama yake yuko wapi siku zote tatu?"