Mikanda ya jipsamu: biashara inayolindwa na wepesi wa kuvunjika

Kando ya barabara nyingi za Dar es Salaam utaona mikanda myeupe ya jipsamu imeegemezwa ukutani, inakauka juani ikisubiri kufunika pembe za dari za watu. Karakana yenyewe haina mashine: kuna meza, ndoo, moldi na mikono. Kinachoilinda ni kwamba mkanda huvunjika upesi. Ni mzito, hula nafasi, na barabara mbovu huugeuza vipande. Kwa hiyo anayejenga Mbeya hununua kwa fundi wa Mbeya. Kinachosafiri ni unga, ukiwa kwenye mifuko.

Unga huo ni jasi, yaani jiwe la jipsamu, iliyochomwa kwa joto la nyuzi 150 hivi, ikapoteza robo tatu ya maji yaliyomo ndani ya jiwe. Fundi akiyarudisha maji, anabaki na dakika chache tu kabla haujawa jiwe tena. Hupaka moldi mafuta, humwaga uji wa kwanza uingie kwenye kila ua la moldi, hutandaza nyuzi za katani zilizochambuliwa vizuri, kisha humwaga wa pili. Akichelewa, tabaka hazishikani. Katani ikiwa haba, mkanda hukatika mikononi mwa anayeupandisha. Zao lililoletwa Tanganyika mwaka 1893 kwa ajili ya kamba limepata hapa kazi ambayo halikupandwa kwayo.

Jasi tunayo, Makanya wilayani Same na Kilwa pia. Mnunuzi wake mkubwa ni viwanda vya saruji, ambavyo huisaga ndani ya saruji, asilimia 5 hivi, ili isigande mapema. Vyenyewe havihitaji unga mweupe uliochomwa kwa kipimo. Mapambo yanauhitaji. Kwa maoni yangu, mwenye mtaji aangalie kwanza tanuri la kuchomea unga huo. Karakana mafundi wanazimudu.

Masika huumiza: mkanda hukaa siku nyingi haujakauka, na pesa ya fundi imelala humo. Hatari kubwa zaidi ni mikanda ya plastiki na ya povu gumu (foam), kwa sababu ni myepesi, haivunjiki kirahisi, na kontena moja hubeba mingi. Jipsamu haiwaki moto, nayo hutengenezwa kwa ua analolitaka mteja, hata kwa chumba kimoja. Mafundi wauze sifa hizo waziwazi, maana kwa urahisi wa usafirishaji hawawezi kushindana na plastiki.