Mteja Akatwe Wakati Gani?

M-Pesa ilipozinduliwa nchini Kenya mwezi Machi 2007, kuweka pesa kwa wakala kulikuwa bure. Makato yalikuja wakati wa kutuma na kutoa. Uamuzi huo mdogo ulibeba huduma nzima. Kijana aliyeko Nairobi alikatwa pale tu kazi aliyoitaka ilipofanyika, pesa zikamfikia mamake kijijini bila kumkabidhi dereva wa basi bahasha. Kwa hiyo huduma yoyote ya mtandaoni naipima kwanza kwa tukio linaloiletea mapato, kisha ndipo niulize kiasi cha ada.

Programu za mikopo zilizoenea baadaye zilitatua shida ya kweli: mtu asiye na hati ya shamba wala barua ya mwajiri alikopeshwa kwa dakika chache. Lakini baadhi yake zilichota majina yote yaliyomo kwenye simu ya mkopaji, na siku ya kulipa ilipopita, shemeji na mwajiri wakapigiwa simu kuhusu deni wasilolijua. Aibu ya mteja ikawa chombo cha kukusanyia mapato. Aprili 2020 Benki Kuu ya Kenya iliwazuia wakopeshaji wasiosimamiwa kupeleka majina kwenye ofisi za taarifa za mikopo (CRB), na kanuni za 2022 zikawataka wawe na leseni na waache kuwasumbua jamaa za mkopaji.

Wakopeshaji hujitetea kwamba asiye na dhamana ni hatari, na anayelipa hubeba hasara ya asiyelipa. Ni kweli, na ndiyo maana siihesabu riba kubwa peke yake kuwa dhuluma. Ila hatari hiyo hupangiwa bei iliyo wazi tangu mwanzo. Haimpi mtu ruhusa ya kumdhalilisha mdaiwa mbele ya jamaa zake. Pingamizi zito zaidi ni kwamba Safaricom, kampuni yenye M-Pesa, hutoza itakavyo kwa kuwa haina mshindani wa kuitisha. Nalikubali, na Fuliza, mkopo wake mdogo wa kukamilisha malipo ya M-Pesa salio lisipotosha, ulioanza Januari 2019, inalithibitisha: ada yake ni ya kila siku, hivyo mteja akikwama, mapato huongezeka. Mwaka 2022 ada hizo zilipunguzwa, na deni lisilozidi shilingi 1,000 likaondolewa ada ya kila siku kwa siku tatu za mwanzo. Nafuu hiyo ilimfaa hasa muuza mboga anayekopa alfajiri na kurudisha jioni. Anayeshindwa kulipa hadi wiki ya pili bado ndiye anayeingiza zaidi, na ada yake ndiyo inayostahili kuguswa sasa.