Usilihukumu lori kwa kilomita zake

Katika barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma, yapata kilomita 930, malori mengi unayopishana nayo yaliingia nchini yakiwa yameshatumika Ulaya au Japani. Scania 113, iliyoanza kuundwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na 124 iliyofuata katikati ya miaka ya 1990, bado zinavuta trela kwenda Zambia na Lubumbashi. Fuso bado zinashusha viazi na vitunguu sokoni. Mwenye gari la namna hii, aghalabu mtu wa gari moja au mawili, hufika siku fundi akamwambia injini lazima ishushwe. Orodha ya spea inaandikwa, jumla inatisha, na kila aliye karibu ana ushauri uleule: gari limechoka, uza, ongeza hela, chukua jingine. Ushauri huo unasikika kuwa wa busara, lakini naamini mara nyingi unampoteza mwenye gari, kwa sababu unapima kisichostahili kupimwa. Cha kuamua si umri wa gari, wala kilomita zake, wala ukubwa wa bili ya gereji. Ni hali ya chasisi, na idadi ya siku gari linazolala bila kutoa taarifa.

Tuanze na kilomita, maana ndizo zinazotisha watu. Lori linalokwenda Tunduma na kurudi mara tatu kwa mwezi linakimbia karibu kilomita 5,600, yaani kama 67,000 kwa mwaka. Kufikia milioni moja linahitaji miaka kumi na mitano. Tarakimu hiyo inaonekana kubwa, lakini haisemi kilomita hizo zilipatikanaje. Lori lililotembea tambarare, likiwa na uzito halali na oili iliyobadilishwa kwa wakati, halifanani hata kidogo na lililopanda mlima wa Kitonga miaka yote likiwa limezidishiwa mzigo. Saa ambazo injini inanguruma kwenye foleni ya mpakani hazihesabiwi kwenye dashibodi, ingawa ringi na beringi zinalika vilevile. Isitoshe, kipimo chenyewe kinaweza kurudishwa nyuma, na wanunuzi wengi wameuziwa magari ya kilomita laki nne ambayo usukani wake umelainika kama wa gari la milioni.

Injini ndiyo inayobeba lawama zote, na hapo ndipo wenye magari wengi wanapokosea. Injini ya lori kubwa iliundwa ili ifunguliwe. Chukua ile ya lita 12 ya Scania 124: kila silinda ina hedi yake peke yake, na slivu zake zinazungukwa na maji, kwa hiyo zikilika zinachomolewa na kuwekwa nyingine bila kuigusa bloku kwa mashine. Krenki nayo huchongwa kwa vipimo vinavyojulikana, robo milimita kwanza, kisha nusu, na beringi za kila kipimo zinauzwa. Fundi mwenye ujuzi, akiwa na spea halisi, anaweza kuirudisha injini hiyo karibu na hali iliyotoka nayo kiwandani. Dalili za kuchoka kwake pia hazifichiki. Washa injini, iache ipate moto, kisha fungua kifuniko cha kujazia oili: moshi ukitoka kwa kusukumana, ujue ringi hazizibi tena na mgandamizo unavuja kwenda chini. Ukikuta maji ya rejeta yanapungua bila kuonekana yanapovujia, shuku hedi, gasketi au slivu iliyotobolewa. Slivu hizo hutobolewa hasa katika magari yanayojazwa maji matupu ya bomba miaka nenda rudi badala ya kulanti.

Chasisi ni habari nyingine kabisa. Hiyo ndiyo mifupa ya gari, na ikivunjika hakuna spea ya kuichomoa na kuirudisha kirahisi. Mwenye gari anayetaka kuamua kwa haki alale chini ya gari lake na tochi kabla ya kukaa na fundi mezani. Aangalie sehemu zinaposhikwa springi, chini ya sahani inayobeba trela, na kwenye kona za viunganishi. Mstari mwembamba wa kutu unaochuruzika juu ya rangi nzima mara nyingi unatoka kwenye ufa usioonekana kwa macho. Riveti yenye duara linalong'aa pembeni yake inasema vyuma viwili vinasuguana mahali visipopaswa kucheza. Ufa mmoja, mbali na kona, unaweza kutengenezwa na mtu anayeijua kazi hiyo. Nyufa zinazorudi palepale baada ya kuchomelewa zinaonyesha chuma kimechoka, na kuendelea kuchomelea ni kuhamisha ufa sentimita chache pembeni. Mara nyingi kinachokichosha ni mzigo uliozidi. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari na mzigo wake, na mizani za Vigwaza, Mikese, Makambako na Mpemba zipo kwa ajili hiyo. Wengi huziona kama kero ya barabara. Kwa kweli mizani inalinda lami na inalinda pia chasisi ya yule anayeilalamikia.

Sasa tuje kwenye fedha. Kosa la kawaida ni kulinganisha bili ya fundi na bei ya gari sokoni: gari lina thamani ya milioni 40, fundi anataka milioni 25, basi halifai. Ulinganisho huo haumsaidii mtu ambaye gari lake ni chombo cha kazi. Kinachopaswa kulinganishwa ni njia mbili za mbele: gari hili likitengenezwa litagharimu kiasi gani kwa mwezi kwa miaka mitatu ijayo, na lile la kubadilisha litagharimu kiasi gani kwa muda huohuo. Tuchukue mfano. Bili ya milioni 25 ikigawanywa kwa miezi 36 ni karibu laki saba kwa mwezi. Mwenye gari anayeliuza na kukopa milioni 100 ili aongezee kununua jingine, kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka inayohesabiwa kwenye deni lililobaki, atalipa karibu milioni tatu na nusu kila mwezi, na mwisho wa miaka mitatu atakuwa amerudisha karibu milioni 125. Rejesho hilo halijali kama mzigo umepatikana, kama mpaka umefungwa, au kama mwenye mzigo amechelewa kulipa.

Watetezi wa kubadilisha watasema gari jipya linakula dizeli kidogo. Ni kweli, na hesabu hiyo isipuuzwe. Semi iliyojaa inaweza kutembea kama kilomita mbili kwa lita, hivyo tripu moja ya Tunduma, kwenda na kurudi, inameza lita 930 hivi. Tuseme gari jingine linaokoa asilimia 10: ni lita 93 kwa tripu. Lita ikiwa shilingi 3,000, tripu tatu zinaokoa chini ya laki tisa kwa mwezi. Hiyo ni robo ya rejesho la benki. Na sehemu ya tofauti hiyo mara nyingi inatokana na nozeli zilizochakaa, pampu iliyopoteza kipimo na chujio la hewa lililoziba, vitu ambavyo matengenezo mazuri yanavirekebisha katika gari lilelile.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni hili: baada ya miaka mitatu, aliyenunua bado ana gari la thamani, na aliyetengeneza ana gari lililozeeka zaidi. Nakubali. Kwa kampuni yenye mkataba wa mizigo wa uhakika na mtaji wake mkononi, hoja hiyo inaweza kuamua shauri, na makampuni makubwa yana sababu nzuri ya kubadilisha magari mapema. Lakini mtu wa gari moja hafiki mwaka wa tatu bila kupita mwezi wa nne na mwezi wa tisa. Akikosa mzigo miezi miwili, gari lenye thamani linakamatwa na mkopeshaji, na thamani hiyo anaivuna mwingine. Tusisahau pia kwamba katika soko letu gari la kubadilisha kwa kawaida si jipya. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane; Tanzania haizuii, ila inatoza ushuru wa ziada kwa yaliyozeeka. Kwa vyovyote vile, mnunuzi anabadilisha gari ambalo magonjwa yake anayajua kwa gari ambalo magonjwa yake anayajua mwingine. Mengi ya matoleo ya karibuni yanaendeshwa kwa kompyuta, na yakigoma Makambako usiku, fundi wa pale mwenye spana nzuri lakini asiye na mashine ya kusomea hitilafu hana la kufanya. Spea za 113 na 124 zinapatikana Gerezani, Dar es Salaam, na za Fuso zinapatikana karibu kila mji wenye stendi.

Hata hivyo, kutetea matengenezo si kutetea viraka, na hapa nawalaumu wenye magari kuliko mafundi. Injini inafunguliwa, ringi zinabadilishwa, slivu zilizolika zinaachwa ili kuokoa hela. Nozeli moja inapimwa, tano zinabaki. Klachi inafungwa mpya juu ya flaiwili iliyochanika. Baada ya miezi michache gari linarudi gereji, gharama ya kufungua na kufunga inalipwa tena, na mwenye gari anaapa kwamba gari hili halifai, ilhali halijawahi kutengenezwa hata mara moja. Gari la namna hiyo linalala njiani. Kulala njiani kuna gharama ambayo haiandikwi kwenye bili yoyote: posho ya dereva na utingo, gari la kufaulisha mzigo, tripu iliyopotea, na mwenye mzigo ambaye safari ijayo atampigia simu mtu mwingine. Kwa hiyo daftari muhimu kuliko yote ni la siku za kulala. Siku ambazo gari lilipelekwa gereji kwa mpango ziandikwe upande mmoja, na siku ambazo liligoma lenyewe ziandikwe upande wa pili. Baada ya matengenezo kamili, upande wa pili unapaswa kukaribia kuwa mtupu. Ukiendelea kujaa, leo giaboksi, wiki mbili baadaye difu, kisha nyaya za umeme, hapo gari limeshatoa jibu lake, na fedha zilizokwisha kutumika zisiwe sababu ya kuongeza nyingine. Maji yakimwagika hayazoleki.

Limebaki suala la usalama, na hilo silipimi kwa shilingi. Miteremko ya Mbeya, Iwambi na Mbalizi, imeshaona malori yaliyofeli breki yakiua watu waliokuwa kwenye shughuli zao. Wapo wanaosema hiyo ndiyo sababu ya kuyaondoa barabarani magari yote ya zamani. Lakini breki hazifi kwa uzee wa gari. Zinakufa kwa sababu laini zimeisha na kufungwa tena, ngoma zimepasuka kwa joto, mipira ya upepo inavuja, breki hazijarekebishwa, au dereva ameshuka mlima akiwa fri ili abane dizeli. Kila moja ya sababu hizo inaweza kulipata hata gari la miaka mitano. Mfumo mzima wa breki wa lori la zamani unaweza kufanywa upya kwa sehemu ndogo ya bei ya gari jingine. Ninachosisitiza ni mpangilio: fedha ikiwa haba, breki, usukani na tairi vitangulie, injini isubiri. Injini ikifa, gari linasimama. Breki zikifa, halisimami. Mwenye gari ambaye hawezi kulipia breki hana swali la kutengeneza au kubadilisha. Aliegeshe.

Lori lenye chasisi nzima, ambalo kugoma kwake kunatokana na injini iliyochoka, linastahili kutengenezwa kikamilifu, hata kama lina kilomita milioni. Lori ambalo chasisi yake inapasuka tena na tena limefika mwisho, hata kama injini yake inaimba. Hilo likatwe, liuzwe vipande: injini, giaboksi, difu na kabini vyote vina wanunuzi, na mara nyingi jumla yake haipungui sana bei ya gari zima lililochoka. Nawaomba wenye magari jambo moja: msiujaze ufa wa chasisi kwa puti, mkapaka rangi na kumwita dalali. Atakayelinunua atalipakia tani thelathini na kumkabidhi kijana wa watu ashuke nalo Kitonga.