Baraza la wavu Nyakanazi: Biashara ya jioni au fedha ya kupepea?

Wenye nyumba za kulala wageni na migahawa katika njia panda ya Nyakanazi, wilayani Biharamulo, wana swali ambalo fundi seremala hawezi kuwajibia kwa haki: je, kulifunga baraza kwa wavu wa kuzuia mbu kunalipa? Fundi atasema kunalipa, kwani yeye hulipwa siku anayomaliza kazi. Mwenye mtaji husubiri fedha yake irudi sahani kwa sahani, na ndiyo maana inambidi apige hesabu kabla ya kununua hata mita moja ya wavu.

Nyakanazi yenyewe inaishi kwa barabara. Magari yanayotoka Isaka, Kahama na Runzewe hufika hapo na kugawanyika. Yanayonyoosha hupita Lusahunga na Ngara hadi Rusumo, mpakani mwa Rwanda, au Kabanga, mpakani mwa Burundi. Yanayokata kushoto huelekea Kakonko, Kibondo, Kasulu na Kigoma. Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipovuka Rusumo kwa maelfu na kujaza kambi ya Benaco wilayani Ngara, chakula cha misaada kilishushwa relini Isaka na kupakiwa kwenye malori yaliyofuata njia hiyohiyo. Wakimbizi hao walirejea kwao, lakini malori hayakwisha. Kila lori na kila basi lina watu wanaohitaji kula, na wengine wanahitaji pa kulala.

Swali la kwanza, basi, halihusu wavu. Linahusu mteja. Abiria wa basi hushuka mchana, hula haraka na kuondoka. Kwake mbu si kero, kero ni nzi juu ya wali na maharage. Dereva wa lori mara nyingi hulala ndani ya gari lake ili alinde mzigo. Akishakula hana sababu ya kukaa barazani. Anayekaa ni mgeni aliyepanga chumba: mfanyabiashara wa mazao, mtumishi anayesubiri usafiri wa asubuhi, mkandarasi, ofisa wa mradi. Huyo ndiye ambaye, saa moja jioni mbu wanapoanza kumuuma vifundoni, hunyanyuka na kwenda kujifungia chumbani. Soda ya pili hainunuliwi, wala nyama ya kuchoma, wala chai. Wavu wa barazani unauza hizo saa tatu kati ya magharibi na wakati wa kulala. Nyumba isiyo na wageni wa aina hiyo haina cha kuuza saa hizo, hata ikifungwa wavu wa dhahabu.

Umeme nao umeongeza uzito wa jambo hili. Nyakanazi leo ina kituo kikubwa cha kupozea umeme, kinachopokea njia ya kilovolti 220 kutoka mradi wa maporomoko ya Rusumo na nyingine kutoka Geita. Taa ni nzuri kwa biashara, lakini taa ya barazani msimu wa mvua huita kila chenye mbawa. Kumbikumbi hudondokea kwenye mchuzi. Senene ni habari nyingine, kwa kuwa mkoani Kagera senene ni chakula na ni biashara, na mwenye baraza lililofungwa atawasikia wakigonga wavu kwa nje huku jirani yake akiwaokota bure.

Sasa suala la malaria, ambalo wauza nyavu hulitanguliza. Kagera, Geita na Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi zaidi nchini, na hakuna anayeweza kubeza ugonjwa huo. Ukweli wa kisayansi pia upo. Mwaka 1900 huko Italia, Giovanni Battista Grassi aliwakinga wafanyakazi wa reli na familia zao, jumla watu 112, katika nyumba zilizofungwa wavu kwenye uwanda wa Capaccio. Waliougua malaria walikuwa 5 tu, wakati majirani wasiokingwa waliugua karibu wote. Wamarekani walipochimba mfereji wa Panama kuanzia 1904, nyumba za watumishi wao zilizungushiwa mabaraza ya wavu, na picha ya nyumba ya namna hiyo ikaenea katika nchi za joto. Karibu na nyakati zetu, jaribio lililofanywa Gambia na kuchapishwa mwaka 2009 lilionyesha kuwa nyumba zilizofungwa wavu madirishani na milangoni na kuzibwa mianya ya paa ziliingiwa na mbu wa malaria pungufu kwa asilimia 59. Zilizowekewa dari ya wavu peke yake zilipata upungufu wa asilimia 47. Watoto wenye upungufu wa damu walikuwa asilimia 12 katika nyumba zenye wavu, dhidi ya 19 katika nyumba zisizo nao.

Lakini asome vizuri mwekezaji. Takwimu hizo za Gambia zinahusu nyumba ya kulala. Hazihusu baraza la kukaa. Mbu wakuu wa malaria katika ukanda huu huuma zaidi usiku wa manane, kuanzia kama saa nne hadi alfajiri, wakati mgeni yuko kitandani. Wanaowasumbua watu barazani jioni mara nyingi ni mbu wa maji machafu, wanaozaliana kwenye mashimo ya choo na mitaro. Kero yao ni kubwa, ila hawaenezi malaria. Wapo pia mbu wa malaria wanaouma mapema na nje ya nyumba, kwa hiyo baraza la wavu si bure kabisa kwa afya. Hata hivyo, mwenye fedha ya kufunga sehemu moja tu na akaanza na baraza, huku vyumba vina madirisha matupu na mwanya wa kupitisha mkono kati ya ukuta na bati, amefunga duka akaacha ghala wazi. Utaratibu wenye faida ni vyumba kwanza: madirisha, mianya ya paa, dari. Chandarua kinabaki pale pale kitandani. Baraza lifuate.

Wavu una sifa moja ambayo dawa haina. Mbu wengi wa Kanda ya Ziwa wamezoea dawa za jamii ya pairethroidi zinazopakwa kwenye vyandarua, lakini hakuna mbu aliyezoea kupita kwenye tundu dogo kuliko mwili wake. Wavu wa kawaida wenye matundu 16 hadi 18 kwa inchi moja humzuia, ilimradi haujatoboka.

Hasara kubwa ni upepo na vumbi, na hapa Nyakanazi haifanani na Pwani. Mji uko kwenye uwanda wa juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na usiku wake una ubaridi. Mgeni wa Dar es Salaam aliyezoea joto la unyevu atavumilia wavu unaopunguza upepo kwa sababu hewa ya hapa ni nyepesi. Tatizo ni mchana wa kiangazi, Juni hadi Agosti, chini ya bati lisilo na dari. Wavu mpya hupunguza upepo. Wavu ulioziba kwa vumbi jekundu huuzuia karibu wote, na baraza hugeuka tanuri. Wateja wa mchana watakimbilia chini ya mwembe wa jirani. Lami imepunguza vumbi katika barabara kuu, ila malori yanaegesha pembeni penye udongo mtupu, na udongo huo ndio unaotua kwenye matundu. Wavu usiooshwa kwa maji na brashi laini kila baada ya wiki chache wakati wa kiangazi ni heri usingewekwa.

Kuhusu aina, wavu wa chuma uliopakwa zinki ni imara kwa mbuzi na watoto, lakini hushika kutu pale unapopigiliwa misumari na pale maji ya paa yanapodondokea. Wa alumini haushiki kutu kwa urahisi, ila ukigongwa na kiti hubonyea na haurudi. Wa nailoni ni mwepesi, fundi yeyote anaumudu, na ndiyo maana unapendwa. Adui wake ni jua, linaloufanya ukatike kama karatasi kuukuu, pamoja na cheche za jiko la mkaa. Mwenye kuchoma nyama ndani ya baraza la nailoni ajue atanunua wavu mwingine mapema. Jiko likae nje, upande ambao moshi hauingii. Na hakuna kati ya aina hizo tatu inayomzuia mwizi, kisu kinatosha.

Mlango ndio unaoharibu kazi nyingi nzuri. Mteja ana mikono miwili iliyojaa sahani na chupa, hawezi kufunga. Mlango ufungukie nje na uwe na springi ya kuurudisha wenyewe. Bila springi, baraza la wavu huwa mtego: mbu wanaingia kwa mlango na hawaoni pa kutokea.

Hesabu ya vifaa huanzia kwenye upana wa wavu dukani, na wengi hukosea hapo kwa kujenga kwanza. Tuseme baraza lina urefu wa mita 6, kina cha mita 3 na kimo cha mita 2.4. Kufunga mbele na pande zote mbili, kutoka sakafuni hadi juu, kunahitaji mita za mraba 28.8. Ukijengwa ukuta mfupi wa tofali wa mita 0.9, na juu ikawekwa mbao au boriti ya mita 0.3, inabaki nafasi ya mita 1.2, sawa na wavu wa futi 4. Mzunguko ni mita 12, basi wavu ni mita za mraba 14.4 tu, nusu kamili ya awali, bila kiungo cha katikati. Aliyeketi bado anaona gari lake, na ukuta unapokea mateke ya viti ambayo wavu usingeyastahimili.

Kuhusu kurudi kwa mtaji, uchukuliwe mfano wa namba za kukokotolea tu, si bei ya soko. Kazi yote ikigharimu sh. 600,000/-, na kila mteja anayebaki barazani akiacha faida ya sh. 1,000/- baada ya kutoa gharama ya chakula na kinywaji, wateja watatu wa ziada kwa jioni watarudisha fedha kwa jioni 200. Lakini wateja hao wa ziada hupatikana zaidi mbu wanapokuwa wengi, yaani misimu miwili ya mvua, ya mwisho wa mwaka na ya Machi hadi Mei, ambayo kwa pamoja haizidi jioni 180 kwa makadirio ya ukarimu. Kwa hiyo mtaji haurudi mwaka wa kwanza. Anayekopa kwa riba ya mwezi, akitegemea kulipa ndani ya miezi sita, hesabu hiyo inamkataa.

Kwa aliyepanga jengo kuna jambo jingine. Kilichopigiliwa ukutani mara nyingi huhesabiwa ni cha mwenye nyumba siku ya kuondoka. Mpangaji aandikishe katika mkataba kwamba fremu ni zake, na azifunge kwa bolti badala ya kuzijengea kwa saruji.

Bolti hizo zina kazi nyingine kwa walio kando ya barabara kuu. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu hadi mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, badala ya mita 22.5 za awali. Mabaraza mengi ya biashara katika miji ya njia panda yamejengwa mbele ya nyumba, kuelekea barabarani, na hilo ndilo eneo linalopigwa alama ya X. Mwenye mpango wa kufunga wavu apime kwa kamba kutoka katikati ya lami kabla ya kumwita fundi. Akijikuta ndani ya mita hizo 30, afunge baraza la uani.