Banki ya uwekezaji: kwa nini kuko ukuta kati ya idara zake?

Banki ya uwekezaji si ile ya kuweka akiba yako ya dola 20. Wateja wake ni kampuni kubwa na serikali. Mwaka 2011, wakati Glencore, yenye migodi Kolwezi, iliuza hisa London, banki za namna hii zilisaidia kupanga beyi na kutafuta wanunuzi. Hiyo ni idara moja. Ya pili inanunua na kuuza hisa sokoni. Ya tatu inachunguza kampuni, inashauri watu: nunua ao acha.

Kati yao lazima ukuta. Mwaka 2003, Marekani, banki 10 zilikubali kulipa karibu dola miliari 1,4, zikishitakiwa kwamba wachunguzi walisifu kampuni ili idara ya kwanza ipate kazi.

Ukisikia hisa inasifiwa, uliza kwanza: nani anamulipa huyu?