Kutunza Nyaya za Mlingoti katika Mashua Ndogo

Kila mtu aliyewahi kuwa na baisikeli ajua mahali waya wa breki ukatikapo. Haukatiki katikati, ambapo wote wauona, bali kichwani, pale uingiapo katika mkono wa breki. Nyuzi zake nyembamba huvunjika moja moja bila mwenyewe kuwa na habari, hata siku moja yuko mteremkoni naye avuta breki bure. Nyaya za chuma zishikazo milingoti ya mashua zina tabia iyo hiyo, ila baharini hakuna majani ya kando ya njia ya kujitupia.

Mlingoti wa jahazi ni gogo nene, na kamba za kuusaidia ni chache. Mashua ndogo za anasa na za mashindano, kama zile zionekanazo katika hori za Mtwapa na Kilifi, ni kitu kingine. Mlingoti wake aghalabu ni wa alumini, mwembamba na mrefu, usioweza kusimama peke yake. Nyaya huuvuta kuelekea omo, na tezi, na pande zote mbili. Moja ikiachia katika upepo mkali, mlingoti huweza kuanguka pamoja na tanga lake juu ya watu waliomo. Wenye mashua wengi huziona siku za mapumziko tu. Azionaye kila siku ni baharia aliyeajiriwa kuzitunza, na maneno haya yamwelekea yeye hasa.

Siku hizi nyaya hizo na vifungo vyake hufanywa kwa chuma kisichoshika kutu. Jina hili limewapoteza watu wengi. Chuma cha namna hiyo kilitengenezwa katika mji wa Sheffield, Uingereza, mwaka 1913 na Harry Brearley, aliyechanganya chuma na madini ya kromi. Kromi hiyo ikikutana na hewa hufanya ngozi nyembamba mno juu ya chuma, nayo ngozi ndiyo izuiayo kutu. Ikikwaruzwa hujiponya yenyewe, maadamu hewa yafika. Lakini tia chuma hicho mahali pembamba penye maji ya chumvi yaliyotuama, pasipofika hewa: ngozi haiwezi kujiponya, na chumvi hukila chuma kwa ndani huku nje king'aa kama kijiko kipya.

Mahali pa namna hiyo ni wapi katika mashua? Ni palepale penye vifungo. Mwisho wa waya huingizwa katika mrija wa chuma, kisha mrija hubanwa kwa mashine hata ushikamane na waya. Mrija wa chini umesimama kama kikombe: maji ya chumvi huteremka kwa kufuata waya na kukaa ndani yake. Ndiyo maana ncha za chini kwa kawaida huharibika kabla ya zile za juu. Na baadhi ya watu, kwa kuogopa tanga lisichanike, hufunga utepe wa plastiki kuzunguka vifungo, wakidhani wavikinga. Kwa kweli wamefungia maji ndani na hewa nje. Utepe huo na ufunguliwe mara kwa mara.

Baharia na aanze kwa kuosha kila kifungo kwa maji yasiyo na chumvi, kisha akauke. Baada ya hayo atazame mrija kwa kioo cha kukuza. Ufa mwembamba kama unywele, au machozi ya rangi ya kutu yatokayo pale waya uingiapo, ni dalili mbaya. Kusugua doa mpaka liishe si kutibu ugonjwa. Apitishe kitambaa juu ya waya, wala si mkono mtupu, kwa maana uzi uliovunjika huchoma kama mwiba. Waya wa kushika mlingoti kwa kawaida una nyuzi 19. Uzi mmoja ukiwa umekatika, waya wote ubadilishwe, kwa kuwa zilizobaki zimechoka kwa kazi ile ile. Asitumie sufi ya chuma cha kawaida kusugulia, kwani huacha vumbi la chuma ambalo litashika kutu, wala dawa ya klorini ya kung'arishia nguo.

Skrubu za kukazia nyaya zina shida yake: chuma hiki kikisuguana na chenziwe kikavu hung'ang'aniana hata spana haifai. Zipakwe grisi, au mafuta ya sufu ya kondoo, kabla ya kukazwa. Kila pini iwe na kipini chake kidogo chenye miguu iliyopanuliwa. Kisipokuwapo, mtikiso wa mawimbi utaichomoa pini yenyewe. Nyaya zikilegea mno, mlingoti huyumba na kuzipiga mishtuko, nao waya upindwao huku na huku hukatika hata katika Ziwa Victoria lisilo na chumvi.

Fundi akikosa mashine ya kubana mrija hutumia vibano vya skrubu. Hivi vyafaa kwa muda, visipungue vitatu, na kila kimoja kiwekwe sawasawa: tandiko lake lilalie upande wa waya ubebao mzigo, na ule upinde wa chuma ubane ncha iliyokunjwa. Ukigeuza, upinde utauponda waya ufanyao kazi. Kisha vikazwe tena baada ya waya kuvutwa.

Wachunguzi wengi wa mashua hushauri nyaya zibadilishwe baada ya miaka 10 hivi, hata zikionekana nzima. Katika joto la pwani yetu ni afadhali isingojwe.

Na kama waya umekatika mko tayari baharini? Ukiwa ni wa upande wa joshi, nahodha abishe mara moja, ili mzigo uhamie nyaya za upande wa pili zilizo nzima. Ukiwa ni wa omo, ageuze mashua upepo utoke nyuma. Ukiwa ni wa tezi, aelekeze omo kwenye upepo. Kisha ile kamba ya kupandishia tanga iondolewe kazini, ifungwe imara mahali pa waya uliokatika, na mrudi bandarini polepole.