Nani Hulipia Kongamano la Madaktari wa Moyo?

Kila mwisho wa Agosti, madaktari wa moyo wapatao 30,000 hukusanyika katika mji mmoja wa Ulaya kwa siku nne. Mwaka mmoja Barcelona, mwaka mwingine Paris au London, maana miji yenye kumbi za kuwatosha si mingi. Mwenyeji wao ni Chama cha Madaktari wa Moyo cha Ulaya, maarufu kwa kifupi cha ESC, kilichoanzishwa mwaka 1950 na chenye makao makuu Sophia Antipolis, kusini mwa Ufaransa. Jina ni la Ulaya, lakini wahudhuriaji hutoka mabara yote, na kinachotangazwa pale huweza kumfikia hata mgonjwa wa shinikizo la damu wa Tanga au Bujumbura, kupitia kalamu ya daktari wake. Ndiyo maana swali la nani analipia shughuli hiyo halipaswi kuachiwa Wazungu peke yao.

Mtu aliye nje ya fani angedhani kwamba chama cha kitaaluma huishi kwa ada za wanachama. Ada zipo, ila ni ndogo mbele ya kazi inayotakiwa kufanywa: kuajiri watumishi, kufundisha madaktari chipukizi, kuweka kumbukumbu za wagonjwa kutoka nchi nyingi na, zaidi ya yote, kuandika miongozo ya tiba. Mwongozo mmoja hukusanya mabingwa ambao kwa miezi mingi husoma mamia ya tafiti, hubishana, huandika na kufuta, hadi wakubaliane dawa ipi ianze na ipi ifuate. Kisha hutolewa bure. Daktari wa Mombasa anaufungua kwenye simu yake bila kulipa hata senti. Kitu chenye gharama kubwa namna hiyo kikitolewa bure, lazima kuna kingine kinachokibeba. Majarida ya kitabibu huchangia, lakini kwa vyama vikubwa vya aina hii kongamano ni mojawapo ya nguzo kuu za mapato.

Fedha za kongamano huingia kwa milango kadhaa. Wa kwanza ni ada ya usajili, ambayo kwa makongamano makubwa hufika mamia ya euro kwa mtu mmoja. Wa pili ni maonyesho: nje ya kumbi za mihadhara hupangwa mabanda ya kampuni za dawa na vifaa tiba, kama Sabasaba ya Dar es Salaam, na nafasi huuzwa kwa mita ya mraba. Wa tatu hauonekani kirahisi. Kampuni hununua ukumbi na muda ndani ya ratiba, ikachagua mada na wazungumzaji, na daktari akatoka mhadhara wa chama na kuingia wa kampuni kwa kuvuka korido tu. Tena hata ile ada ya usajili si lazima itoke mfukoni mwa daktari. Kwa miaka mingi imekuwa kawaida kampuni kumlipia usajili, nauli na hoteli. Ukijumlisha yote utaona kwamba fedha za viwanda huingia hata kwa ule mlango ulioandikwa jina la daktari.

Kampuni hununua nini hasa? Hununua masikio ya watu ambao sahihi zao ndizo zinazoamua dawa ipi inunuliwe. Zamani masikio hayo hayakukusanyika kila mwaka: kongamano la kwanza la ESC lilifanyika London mwaka 1952, na kwa miongo kadhaa lilikuja mara moja tu kila baada ya miaka minne. Tangu 1988 limekuwa la kila mwaka. Kipindi hicho ndicho tiba ya moyo ilipogeuka kuwa soko kubwa: stenti za kwanza, yaani vijibomba vya kupanulia mishipa ya moyo, ziliwekwa mwaka 1986, na statini ya kwanza ya kushusha lehemu iliruhusiwa Marekani mwaka 1987. Sisemi kwamba soko ndilo lililobadili kalenda. Sayansi yenyewe ilikuwa inakwenda mbio na madaktari walikuwa na mengi ya kuambiana. Nasema tu kwamba kongamano la kila mwaka lilikua pamoja na wateja wake. Na wateja hao hawaishii kwenye mabanda. Mwaka 2014, habari kubwa ya kongamano la Barcelona ilikuwa utafiti uitwao PARADIGM-HF kuhusu dawa mpya ya moyo uliodhoofika, uliogharamiwa na Novartis, watengenezaji wa dawa hiyo. Dawa ilionekana kupunguza vifo, na hilo ni jambo la kushangilia. Lakini jukwaa la sayansi na mauzo ya banda vilimhusu mfadhili huyohuyo.

Madaktari wengi hujibu hoja hii kwa kuudhika: mtu aliyesoma miaka zaidi ya kumi atanunuliwaje kwa kalamu na kikombe cha kahawa? Jibu lilikwisha kutolewa mwaka 1992, katika utafiti mdogo wa Marekani ulioangalia madaktari 20 waliosafirishwa na kampuni mbili, kila gharama ikilipwa, kwenda semina kwenye hoteli za kifahari. Kabla ya safari wengi wao walisema matembezi hayo hayatabadili chochote. Waliporudi, matumizi ya dawa moja hospitalini mwao yaliongezeka zaidi ya mara tatu, na ya ile nyingine zaidi ya mara mbili. Mwaka 2016 ukatoka mwingine, mkubwa, uliohusu madaktari karibu 280,000 wa Marekani. Waliolishwa na kampuni hata mlo mmoja wa chini ya dola 20 walielekea zaidi kuandika dawa ya kampuni hiyo, na kati ya dawa nne zilizochunguzwa, tatu zilikuwa za lehemu na shinikizo la damu. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba chakula ndicho sababu. Huenda mpenzi wa dawa ndiye anayekubali mwaliko. Hata hivyo kampuni hazitupi fedha ovyo, nazo zimeendelea kulipa.

Hoja nzito zaidi ni ile isemayo kwamba ukifunga mlango wa viwanda, miongozo na mafunzo vitakufa, na atakayeumia ni daktari wa nchi maskini anayesoma bure. Hii naikubali kwa sehemu kubwa, na ndiyo maana siungi mkono wanaotaka kampuni zifukuzwe kabisa. Wapo pia wanaosema intaneti imemaliza tatizo. Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, ESC iliacha kukutana Amsterdam ikaendesha kongamano lote mtandaoni bila kiingilio, na zaidi ya watu 100,000 wakajiandikisha. Kwa elimu, huo ulikuwa ushindi mkubwa kuliko ukumbi wowote. Lakini banda la kwenye skrini halimkutanishi mwuzaji na daktari ana kwa ana, na mwaka 2022 chama kilirudi kwenye kumbi za Barcelona. Anayetaka elimu hahitaji ukumbi. Anayehitaji ukumbi ni anayeuza.

Kuna marekebisho yaliyojaribiwa. Tangu Januari 2018, kampuni za vifaa tiba zilizo chini ya umoja wa MedTech Europe zimeacha kumlipia daktari mmojammoja moja kwa moja aende kwenye makongamano ya wengine; hutoa ruzuku ya mafunzo, na kampuni haichagui nani aende. Makongamano hayakufa. Kwa upande mwingine, kampuni ya dawa ya GSK ilitangaza mwishoni mwa 2013 kwamba itaacha kuwalipa madaktari wazizungumzie dawa zake, na mwaka 2018 ikalegeza msimamo huo, kwa kuwa washindani wake walikuwa bado wanalipa. Kampuni moja haiwezi kujinyima peke yake. Kanuni lazima iwabane wote, na anayeweza kuiweka ni chama chenye kongamano, kwa sababu ndicho chenye mlango.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Fedha za kampuni hutoka katika bei ya dawa, na bei ya dawa hulipwa na mgonjwa, mfuko wa bima au serikali. Hivyo mlipaji wa mwisho wa kongamano ni mgonjwa, naye ndiye pekee asiyeonyeshwa hesabu. Tangu 2016 kampuni kubwa za dawa za Ulaya hutangaza malipo yao kwa madaktari na vyama, lakini kila kampuni kwa orodha yake na kila nchi mahali pake, kiasi kwamba raia wa kawaida hawezi kuyajumlisha. Chama kingeweza kulifanya hilo kwa ukurasa mmoja: kila kampuni imelipa kiasi gani mwaka huu, kwa banda, kwa mhadhara, kwa ruzuku. Ukurasa huo ukae kwenye tovuti ileile inayotoa miongozo bure, na anayeshika kalamu ya mwongozo asiwe na malipo ya kampuni ambayo dawa yake inajadiliwa. Vyama vya madaktari vya Afrika Mashariki navyo huandaa makongamano yenye wafadhili, na madaktari wetu wanahitaji alama za mafunzo endelevu ili kuhuisha leseni, kwa hiyo soko hilo litakua. Viongozi wa vyama hivyo waanze kuchapisha ukurasa huo sasa, wakati wafadhili bado ni wachache na hesabu bado ni fupi.